Shangazi, Krismasi inanimeza

SWALI: Shikamoo shangazi. Kila Desemba naahidi kusali zaidi, halafu yanaanza: zawadi, usafi, wageni, mazoezi ya kwaya. Mwaka jana niliimba ibada nzima huku nikiwaza kama nimefunga mlango wa nyuma. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nilisumbuka hivyo hivyo kwa miaka mingi, mpaka nilipoanza kusoma Injili ya Luka, sura moja kila usiku. Ina sura 24. Ukianza tarehe 1 Desemba, unaimaliza mkesha wa Krismasi. Sura ya kwanza ina aya 80, isikutishe. Biblia yangu naiweka juu ya mto, nisiweze kulala bila kuishika. Kuna usiku macho hufumba kabla ya aya ya kumi. Kesho yake naendelea nilipoishia, bila kujilaumu.

Zawadi zimalize kabla ya Jumapili ya 4 ya Majilio, yaani Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi.

Wageni usiwakatae. Hata Mariamu, kajifungua tu, wachungaji hao wamefika usiku bila taarifa! Luka anasema aliyaweka mambo hayo yote moyoni, akiyatafakari. Hapo ndipo ninapokutakia ufike: nyumba imejaa watu, moyo umetulia. Na wale usioweza kuwapokea tarehe 25, waalike baadaye. Katika kalenda ya makanisa mengi sherehe inaendelea hadi Epifania, sikukuu ya kukumbuka Mamajusi walivyomfikia mtoto Yesu, tarehe 6 Januari.

Mlango wa nyuma mkabidhi mtu mwingine wa nyumbani aufunge, nawe utangulie kanisani robo saa mapema, ukae kimya.