Hedhi na Meza ya Bwana: jibu kwa binti aliyezuiwa kushiriki

Binti yangu, umeandika kwamba mama mmoja wa kwaya yenu alikuzuia kwenda kupokea Chakula cha Bwana kwa sababu ulikuwa katika siku zako, akakufungulia Walawi 15, na sasa unauliza kama Mkristo aliye katika hedhi ni najisi mbele za Mungu. Nimefundisha darasa la kipaimara kwa miaka mingi katika usharika wa Kilutheri hapa Tanzania, na swali lako nalifahamu, maana wasichana huniuliza kwa kunong'ona wavulana wakishatoka. Wewe si najisi, wala hukupaswa kuzuiwa. Lakini kwa kuwa ulizuiwa kwa Maandiko, ni haki yako ujibiwe kwa Maandiko.

Ni kweli kwamba Walawi 15 inamhesabu mwanamke aliye katika hedhi kuwa najisi kwa siku saba, na anayemgusa kuwa najisi hadi jioni. Mama huyo angeisoma sura yote, hata hivyo, angeona kwamba inaanza na wanaume: yule mwenye ugonjwa wa kutokwa, kisha yule aliyetokwa na mbegu za uzazi, ambaye alipaswa kuoga na kubaki najisi hadi jioni, na hata mume na mke waliolala pamoja walikuwa chini ya hukumu hiyo hiyo. Sijawahi kusikia mwanamume wa kwaya akiulizwa habari za usiku wake kabla ya kuikaribia meza. Mstari wa 31 unaeleza pia shabaha ya sheria hizo, yaani kuilinda maskani ya Mungu iliyokuwa katikati ya Waisraeli. Wala unajisi huo haukuwa dhambi. Kwa mujibu wa Walawi 12, mama aliyejifungua mtoto wa kiume alikaa siku 40 kabla ya kutakaswa, na wa kike siku 80, na Luka 2 inatuonyesha Mariamu mwenyewe akiitimiza sheria hiyo kwa sadaka ya ndege wawili. Hakuna anayesema kwamba alikosa kwa kumzaa Bwana.

Halafu soma Marko 5, habari za mwanamke aliyetokwa na damu kwa miaka 12. Alikuja kwa nyuma, akagusa vazi, na alipojulikana alianguka akitetemeka. Yesu alimwita Binti, akamwambia aende kwa amani, kisha akaendelea na safari yake hadi nyumbani kwa Yairo, wala hatusomi kwamba alioga au alingoja jioni. Waandishi wa Injili hawatamki kwamba sheria ya Walawi imefutwa pale, nami sitaki kuwatia neno hilo kinywani. Lakini mtu anayetaka kumfukuza mwanamke mwenye damu kutoka mbele za Bwana hana budi kueleza kwa nini Bwana mwenyewe hakufanya hivyo. Ongeza Matendo 10, ambapo Petro anaambiwa asiviite najisi vilivyotakaswa na Mungu, na Waebrania 10, inayotualika sote kupaingia patakatifu kwa damu ya Yesu bila kuwabagua wanawake kwa tarehe za mwezi.

Nisikufiche kwamba Kanisa halikukubaliana juu ya jambo hili tangu mapema, na mabishano yenyewe yalizunguka kisa hicho hicho cha Marko. Katika karne ya 3, Dionisio, askofu wa Alexandria, aliandika kwamba wanawake walio katika hedhi wasiikaribie meza takatifu, akitoa hoja kwamba hata mwanamke yule hakumgusa Bwana bali pindo la vazi lake tu. Karibu na wakati huo huo, mwongozo wa kanisa wa huko Shamu (Siria) uitwao Didascalia ulikitumia kisa hicho kinyume kabisa: uliwakemea wanawake waliojizuia sala na Ekaristi siku za hedhi, ukiwauliza wakifa katika siku hizo saba wanazodhani Roho Mtakatifu amewaacha, wataondoka na nini. Hoja hiyo mimi huiona yenye nguvu kuliko zote. Ukiamini kwamba Roho wa ubatizo wako anakuacha kila mwezi na kurudi baada ya kuoga, umeuondolea ubatizo wako uzito wote.

Upande wa magharibi, Papa Gregori Mkuu, akijibu maswali ya mmisionari wake Augustino wa Canterbury, huko Uingereza, mnamo mwaka 601, kwa kadiri mtawa na mwanahistoria Bede alivyoyahifadhi majibu hayo, alisema mwanamke aliye katika hedhi asikatazwe kuingia kanisani wala kupokea Komunyo. Aliongeza kwamba akijizuia mwenyewe kwa heshima anastahili sifa, lakini akipokea asihukumiwe. Baadaye, kanuni za toba zilizobeba jina la Theodore, askofu mkuu wa Canterbury hiyo hiyo, zilimkataza kuingia kanisani na kupokea Komunyo pia.

Hadi leo makanisa ya Kiorthodoksi ya Ethiopia na Misri yanashika desturi ya kujizuia. Nilipokuwa nasoma Nairobi nilipanga nyumba moja na mwanamke Mhabeshi ambaye siku zake zikifika alisimama uani mwa kanisa na kufuata ibada akiwa nje. Alinieleza kwamba hata wanaume waliolala na wake zao usiku uliotangulia husimama nje pia. Sikubaliani na mafundisho hayo, lakini nayaheshimu, kwa sababu ni utaratibu wa kanisa lake unaofahamika wazi na unaowabana watu wa jinsia zote mbili.

Yaliyokupata wewe ni mambo mengine. Mafundisho ya Kilutheri hayana katazo hilo. Sisi tumelikusanya kutoka kwenye miiko ya bibi zetu, na pengine kwa majirani zetu Waislamu, ambao kwao mwanamke mwenye hedhi huachiliwa sala na hufunga baadaye siku za Ramadhani zilizompita. Wao wana elimu yake na mipaka yake, na sisi tumebaki na minong'ono. Fikiri pia kwamba Kanisa letu la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) linabariki wachungaji wanawake tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mchungaji mwanamke anaishika mikate na kikombe kwa mikono yake. Kama hedhi ingetunajisi, kanisa lingelazimika kumuuliza kila Jumapili, na hakuna askofu anayefanya hivyo.

Jambo linaloniumiza zaidi hutokea siku ya kipaimara. Wasichana huvaa nguo nyeupe, wanasimama kwa saa nyingi, na ni siku ya kuipokea Meza ya Bwana kwa mara ya kwanza. Katika darasa kubwa lazima wawepo walio katika hedhi. Nimeona msichana akijifanya mgonjwa asubuhi ile. Nilipoketi naye niligundua kwamba hofu ya unajisi ilikuwa imechanganyika na hofu ya kuchafua nguo mbele ya watu. Tangu hapo naitenga jioni moja ya mafunzo kwa ajili ya jambo hili, wavulana wakiwepo, na akina mama wa usharika huweka pedi, sabuni na maji katika choo cha wanawake.

Kwa hiyo Jumapili ijayo nenda mezani. Ukiumwa tumbo ukaona heri kubaki nyumbani, baki, kama ambavyo ungebaki kwa malaria. Usibishane na mama huyo mbele ya kwaya, maana yaelekea naye alifundishwa hivyo akiwa mdogo na hakupata wa kumweleza vingine. Mwombe mchungaji wako awaketishe ninyi wawili, na umwombe aeleze kama usharika wenu una kanuni kama hiyo. Akisema ipo, aulizwe ni ipi kwa wanaume.