Wanatafuta nini kwenye kondo langu la nyuma?

SWALI: Shikamoo dokta. Nina miaka 21 niko Tanga, mwezi uliopita nimejifungua mtoto wa kwanza, mimba ilitimia kabisa lakini mtoto kilo 2.1 tu. Kliniki nilipimwa malaria haikuonekana. Baada ya kujifungua dada mmoja wa utafiti akaniomba kipande cha kondo nikakubali, sasa mama mkwe amenuna mpaka leo anasema kondo linazikwa halichezewi. Wanatafuta nini mle?

JIBU: Marahaba mwanangu, hongera kwa mtoto. Kile kipimo cha kutoboa kidole kinaangalia damu inayozunguka mwilini, ila kwa mjamzito vimelea vya malaria vinaweza kujibana kwenye kondo, kidole kikaonekana safi na homa husikii, huku mtoto hapati chakula na hewa ya kutosha, anazaliwa mdogo. Haya tumeyajua kwa sababu ya kina mama waliokubali kama wewe. Mwaka 1996 watafiti Michal Fried na Patrick Duffy walieleza walichokuta kwenye makondo ya huko Kisumu, kwamba vimelea hivyo vinanasa kwenye aina fulani ya sukari iliyoko kwenye kondo, na vile vya watu wasio na mimba havinasi hapo. Ndo maana mimba ya kwanza inaumia zaidi, mwili haujawahi kukutana na vimelea vya aina hiyo, zinazofuata zinakuta kinga imeanza kujengeka. Hata hapo Muheza mkoani kwenu kina mama wamefuatiliwa pamoja na watoto wao.

Kipande kinakatwa chembamba sana kinawekwa rangi kinaangaliwa kwa hadubini, na hata kama vimelea vimeshakufa huwa vinaacha weusi wao mle. Kwa aliyekuwa na presha ya mimba wanaangalia pia mishipa ya damu. Siwezi kukwambia wako ni malaria, mtoto mdogo ana sababu nyingi, presha na upungufu wa damu pia zipo, kwa hiyo rudi ukawaulize majibu, ni haki yako, na haki yako pia ilikuwa kukataa ukahudumiwa vilevile.

Mama mkwe mwambie kwa upole, kondo zima ni kama nusu kilo na wao wanachukua kipande tu, mkitaka linalobaki mnaomba mnakwenda kuzika.

Mimba ijayo wahi kliniki, kuanzia mwezi wa nne umeze SP, dawa ya kukinga malaria kwa wajawazito, vidonge vitatu kwa pamoja mbele ya nesi, kila baada ya mwezi, dozi zisipungue tatu, na chandarua chenye dawa kila siku. Anayetumia septrini kwa ajili ya VVU yeye asimeze SP, aongee na nesi kwanza.

Huyo mdogo mbebe kifuani ngozi kwa ngozi, mnyonyeshe mara kwa mara usiku na mchana na usikose kumpima uzito, akigoma kunyonya au mwili ukiwa wa baridi mpeleke hospitali siku hiyohiyo.