Kabla Hujashika Chaki, Shika Barua

Karatasi za mtihani 312 zilikuwa chini ya kitanda changu pale Nyalenda, ndani ya gunia la unga wa ngano nililolipandisha juu ya matofali mawili. Ilikuwa Aprili, masika yameshika Kisumu, na paa la chumba changu lilikuwa na tundu karibu na mlango. Kila nikirudi jioni, kabla hata ya kuvua viatu, nilikuwa nainama na kulipapasa lile gunia kama limelowa. Nilikuwa mwaka wa pili wa uzamili, na chuo nilichokuwa nafundisha kilikuwa na deni langu la mihula mitatu. Sikuwa nimeamua kuzizuia alama. Nilikuwa tu sijaamua kuzipeleka.

Vijana wanaomaliza digrii ya kwanza huku kwetu, Kisumu, Kakamega hadi Nakuru, huniuliza kama wakubali "kusaidia" darasa moja mawili huku wakisoma uzamili. Sijawahi kumwambia mtu akatae. Lakini hilo neno kusaidia ndilo lililoniponza mimi, kwa hiyo tuanze nalo.

Msimamizi wa tasnifu yangu, ambaye ndiye pia aliyekuwa mkuu wa idara, aliniita ofisini wiki ya pili ya muhula. "Binti yangu, kuna kozi ya mwaka wa kwanza haina mtu. Utatusaidia kidogo?" Sura yangu ya pili ilikuwa pale mezani kwake, chini ya kikombe, bado hajaisoma. Wewe ungejibu nini? Nikasema, "Sawa, Daktari." Kesho yake nikasimama mbele ya wanafunzi 180 katika ukumbi wa viti 120, waliobaki wamekaa madirishani. Barua ya kupewa kazi sikuwa nayo. Malipo nilikuja kuambiwa na karani wa idara baada ya mwezi: shilingi 1,200 kwa saa, saa 42 kwa kozi. Nikapiga hesabu, nikapata 50,400, nikaenda soko la Kibuye kujinunulia viatu vya kusimamia darasani. Viatu vile viliisha soli kabla sijaona hata shilingi.

Fundo la mambo haya ni hilo: anayekugawia kazi ndiye anayeshikilia masomo yako. Ukimdai kama mwajiri, unamuudhi kama mwalimu. Watu wengine hukwambia jikaze, dai haki yako, kana kwamba tatizo ni woga. Nami niliogopa, sikatai, ila nilikuwa na sababu ya kuogopa.

Nina rafiki tuliyesoma naye digrii ya kwanza, akapata nafasi ya uzamifu California. Novemba 2022 aliniandikia kwamba wamegoma, yeye na wenzake wapatao 48,000 katika chuo kikuu cha umma cha jimbo hilo: wanafunzi wa uzamifu wanaofundisha na kusahihisha, na watafiti. Mgomo ulikaribia wiki sita na wakapandishiwa malipo. Nilipomsimulia yangu, hakuniuliza nadai kiasi gani. Aliuliza, "Barua yako inasemaje?" Kwao swali la kama anayesoma huku akifundisha ni mwanafunzi au mfanyakazi limebishaniwa miaka mingi, na mwaka 2016 bodi ya taifa ya uhusiano wa kazi iliamua, katika kesi ya chuo kikuu cha Columbia, kwamba mtu anaweza kuwa vyote viwili. Huku kwetu hata ubishi wenyewe haujafika mbali. Ukienda kudai, wewe ni mwanafunzi. Darasa likikosa mtu, wewe ni mwalimu.

Na si kwamba vyuo vyetu vimejaa watu wabaya. Miaka ile ya wanafunzi wa kujilipia karo, vyuo vilifungua kampasi mijini juu ya maduka na mabenki, na karo hiyo ndiyo iliyowalipa walimu wa muda. Kisha matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yakabanwa. Mwaka 2015 watahiniwa 2,685 walipata A. Mwaka 2016 walikuwa 141. Waliofikia alama ya kuingia chuo kikuu wakawa wachache kiasi kwamba serikali iliweza kuwachukua wote, na mfereji wa wanaojilipia ukakauka. Kampasi zikafungwa, lakini kozi zilibaki kwenye ratiba na lazima mtu azifundishe. Huyo mtu ni wewe, mwenye digrii ya pili nusu na simu isiyozimwa.

Sasa ushauri wenyewe. Usiingie darasani bila barua. Najua ni rahisi kusema. Njia niliyoipata mimi, kwa kuchelewa, ni kutoiomba kama mtu anayeshuku. Unaiomba kama mtu anayetaka kazi iende vizuri: "Daktari, nitashukuru nikipata barua ili fedha wasije wakanisumbua mwisho wa muhula." Kila mkuu wa idara anajua jinsi ofisi ya fedha inavyosumbua, na hapo mnakuwa upande mmoja. Barua iwe na jina la kozi, idadi ya saa, kiwango cha malipo, na lini utalipwa. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa kazi unaofikia miezi mitatu uandikwe, na jukumu la kuuandaa ni la mwajiri. Chuo huenda kikakwambia wewe si mwajiriwa, ni mtoa huduma. Waseme, ila waandike.

Kisha nunua daftari. Mimi nililianza muhula wa tatu, daftari la shilingi 60 la kurasa 96: tarehe, chumba, saa ya kuingia, saa ya kutoka, mada, na sahihi ya kiranja wa darasa. Wanafunzi walicheka mwanzoni. "Madamu, hata wewe unasaini rejista?" Wakazoea.

Siku daftari lile lilipofanya kazi naikumbuka vizuri. Nilikuwa nimekwenda ofisi ya fedha mara ya nne kuulizia fomu yangu ya kudai malipo. Karani, mama mmoja mpole kusema kweli, alifungua faili la waya, akalambalamba kidole, akapekua, akalifunga. "Fomu yako haipo, mwalimu. Labda iko kwa bosi." Mara ya kwanza ilikuwa kwa bosi. Mara ya pili ilikuwa imerudi idarani. Mara hii nilitoa kwenye mkoba nakala yenye muhuri wa kupokelewa, tarehe ikisomeka, na daftari. Akazitazama muda mrefu. Akanywa chai. Halafu akafungua droo ya chini, si lile faili, droo, na fomu yangu ikatoka pamoja na za watu wengine kama kumi na tano. Hakuna aliyekuwa ameiba kitu. Zilikuwa zimelala tu, kwa sababu hakuna aliyezishtua. Nililipwa muhula mmoja baada ya wiki tano. Tangu siku ile sipeleki fomu bila nakala, na sitoki mlangoni kabla muhuri haujagongwa kwenye nakala yangu. Piga na picha kwa simu.

Kuna mtego mwingine, na huu una sura ya hisani. Waliniambia, kwa kuwa nadaiwa karo ya uzamili na chuo hichohicho, tukate deni kwa deni. Nilifurahi. Hesabu iliporudi, karo yote ilikuwa imehesabiwa pamoja na faini ya kuchelewa, ilhali pesa zangu zilihesabiwa za muhula mmoja tu, ule wenye karatasi kamili. Mihula mingine "inafuatiliwa". Kukatana madeni si vibaya, ila usikubali kwa mdomo, na usikubali mpaka deni lako lote liwe limeandikwa upande wa pili wa karatasi.

Kuhusu chama cha wafanyakazi. Wahadhiri wa Kenya wana UASU, na hakikuja bure. Serikali ya Moi ilikataa kukisajili, na mgomo wa 1993 hadi 1994 uliwagharimu baadhi yao kazi na nyumba za chuo. Usajili ulikuja mwaka 2003. Katiba ya 2010, ibara ya 41, sasa inampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na kugoma. Tulikwenda watu saba kwenye ofisi ya tawi. Katibu alitusikiliza vizuri, akatuagizia soda, kisha akauliza swali la rafiki yangu wa California. Kati yetu saba, wawili tu ndio waliokuwa na barua. Kesi za wale wawili alizichukua siku ileile.

Sikumlaumu, ingawa wenzangu walimlaumu. Ila chama nacho kina deni kwetu. Mgomo wa siku 49 wa Septemba hadi Novemba 2025 ulikuwa wa shilingi bilioni 7.9 za mkataba wa malipo wa 2017 hadi 2021, na mkataba huo ni wa walioajiriwa. Nasi walimu wa muda hupigiwa simu mgomo ukianza: njoo ushike madarasa. Mimi sikwenda. Sikusema nagoma, nilisema naumwa, jambo ambalo sijivunii. Ukipigiwa, uliza kwanza wenzako wa muda wanasemaje, kwa sababu ukiingia peke yako utaonekana msaliti, na ukikataa peke yako utafutwa kwenye ratiba.

Nirudi kwenye gunia. Kiranja wa darasa alinipigia usiku. Wanafunzi wawili wa mwaka wa nne walikuwa wanarudia kozi ile, na bila alama zangu hawatahitimu. Mmoja wao baba yake alikuwa ameuza ng'ombe kwa ajili ya sherehe. Nilisahihisha siku tatu mfululizo, nikapeleka. Chuo hakikuhisi chochote kwa wiki zote zile nilizokuwa nimezishikilia. Waliohisi ni watoto wa watu. Kama ni kuzuia alama, liwe la wengi, kwa barua, kwa tarehe iliyotangazwa mapema, na wanafunzi wakiambiwa ukweli. Vinginevyo sahihisha, uwasilishe, udai kwa njia nyingine. Na usilale: madai chini ya Sheria ya Ajira yana miaka mitatu ya kufikishwa mahakamani, na mahakama ya ajira ipo hapa hapa Kisumu, na Nakuru pia. Muhula wangu mmoja ulipitwa na muda nikisubiri "inafuatiliwa".

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kakamega, aliyenisumbua maswali tangu Januari, alinitumia picha. "Dada, barua imetoka!" Nikaikuza kwenye simu. Jina lake, kozi, saa 42, muhuri, sahihi. Mahali pa kiwango cha malipo wameandika "kama kawaida ya chuo".

Nimemwambia airudishe leo, kabla ya kipindi cha saa nane.