Jibu: Waziri wa jimbo anawezaje kuwa jaji?

Ndugu, umeuliza kama Kanada mwanasiasa wa jimbo anaweza kuwa jaji na bado akaaminika. Anaweza, na mfano wangu ni Roy McMurtry wa jimbo la Ontario.

Alikuwa wakili wa Toronto. Mwaka 1975 alichaguliwa kuingia bunge la jimbo kwa tiketi ya chama cha Conservative, akawa Mwanasheria Mkuu wa Ontario, yaani waziri wa sheria wa jimbo, hadi 1985. Kisha akawa Balozi wa Kanada London, na mwaka 1991 akateuliwa jaji. Zingatia hapa: majaji wa mahakama za juu za majimbo huteuliwa na serikali kuu, si ya jimbo, na lazima wawe wameshakuwa mawakili angalau miaka 10. Mwaka 1996 akawa Jaji Mkuu wa Ontario, akastaafu 2007.

Kinachonigusa zaidi ni Novemba 1981. Mazungumzo ya katiba kati ya serikali kuu na majimbo yalikuwa yamekwama, naye akajifungia kwenye chumba cha jikoni, jengo la mikutano Ottawa, pamoja na Jean Chrétien, waziri wa sheria wa serikali kuu, na Roy Romanow, Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Saskatchewan, wakaandika msingi wa maafikiano. Jimbo la Quebec halikukubali, na kidonda hicho hakijapona. Lakini Mkataba wa Haki, sehemu ya katiba inayolinda haki za watu, ulipatikana 1982.

Mwaka 2003 yeye na majaji wenzake wawili waliutumia Mkataba huohuo kuruhusu ndoa za jinsia moja Ontario, papo hapo, dhidi ya hoja za serikali kuu. Huyo si jaji wa kutumwa.