Uliza Ujibiwe: Hili gemu ni la mkononi au la nyumbani?

SWALI: Shikamoo fundi. Mi niko Mwanga, Kigoma, na hapa nyumbani tuna ubishi wiki ya pili sasa. Mwaka jana mimi na braza tulichanga hela tukaagiza Nintendo Switch iliyotumika, ile ya kwanza kabisa, ikaja na doki yake, kile kistendi cha kuichomekea kwenye TV, na pedi zake zote. Sasa braza anaenda chuo Dodoma, mama kasema vitu vya mkononi kila mtu abebe chake ila vya nyumbani vibaki nyumbani, asimbebee mtu hata kijiko. Braza anasema Switch ni ya mkononi kama simu tu, anaondoka nayo. Mi nasema ni gemu la nyumbani, ndo maana lina doki na linachomekwa kwenye TV kama PlayStation. Mama kachoka kasema tuulize mtu anayejua. Tuamulie.
Mdogo mtu, Mwanga

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na mama msalimie sana, hiyo ya kijiko imenichekesha. Ngoja nianze na habari ya kukufurahisha maana huko mbele hutafurahi. Nintendo wenyewe walipoitoa Switch tarehe 3 Machi 2017 walisema hii ni mashine ya nyumbani, ya kwenye TV, ila ukitaka unatoka nayo. Ndo maneno ya mwenye mali, braza akibisha mpige na hayo. Shida ni kwamba mimi maneno ya muuzaji huwa nayapokea kwa mkono mmoja. Wakati ule walikuwa bado wanauza 3DS ambayo ni ya mkononi moja kwa moja, na ile Wii U yao ya kwenye TV ilikuwa imewadodea, iliuza kama milioni 13 na nusu tu dunia nzima, sasa wangesema Switch ni ya mkononi nani angenunua tena 3DS, na yule anayetaka gemu la sebuleni wangempa nini? Jina lile nalionaga ni la dukani zaidi.

Sasa njoo mezani kwangu hapa Tabora. Kuna jamaa aliniletea doki imegoma kutoa picha, nikafungua skrubu, nikatoa mfuniko, aisee ni kama kufungua boksi la viatu ukakuta risiti. Plastiki tupu! Pale chini tu kuna kasaketi kadogo, kana tundu la chaji, tundu la HDMI, matundu ya USB na chipu ya kugeuza picha iende kwenye TV. Hakuna prosesa ya gemu, hakuna memori, hata feni hakuna. Feni iko kwenye mashine yenyewe, ile yenye kioo cha inchi 6.2, na prosesa ya Nvidia iko humo humo, betri humo, kadi ya gemu inachomekwa humo. Fanya hivi, ficha doki chini ya kitanda halafu chezeni, mtacheza mpaka chaji iishe. Halafu ficha mashine umwachie mtu doki. Atacheza nini? Ataegeshea madaftari.

Najua utaniambia mbona ikiwa kwenye doki picha inakuwa nzuri zaidi, kwahiyo doki inaiongezea nguvu. Hapa wengi wanadanganyika, hata mimi mwanzo nilidhani hivyo. Doki haiongezi kitu, inachofanya ni kuipa umeme wa ukutani na kuiambia uko kwenye TV, basi mashine inajiachia. Ukiishika mkononi inajibana makusudi, ule upande wa kuchora picha unashuka kutoka megahezi 768 mpaka 384 au hata chini ya hapo, ili betri isife haraka na mikono isiungue, na kwa kuwa kioo chake kina mistari 720 tu, sio 1080 kama inavyoweza kutoa kwenye TV, huoni sana tofauti. Ni kama bodaboda ile ile, ukiwa Lumumba kwenye lami unafungulia, ukiingia vichochoroni unapunguza. Huwezi kusema lami ndo injini.

Halafu angalia Steam Deck ya Valve iliyotoka 2022. Ina kioo katikati na pedi pembeni, na doki yake ipo ukitaka TV, ila inauzwa peke yake. Hakuna mtu anayebisha kwamba ile ni ya mkononi! Sasa tofauti na Switch kwenye hili la doki ni nini, ni kwamba Nintendo waliitia ndani ya boksi na Valve hawakuitia. Boksi ndo liamue? Na wala sio mambo ya jana haya, Sega walitoa Nomad mwaka 1995, ilikuwa inakula kadi zile zile za mashine yao ya kwenye TV, ina kioo chake, inameza betri sita za tochi, na unaweza kuichomeka kwenye TV vilevile, ila watu waliibeba wakaiita ya mkononi wakaendelea na maisha.

Ila nisikuonee, upande wako una hoja moja ambayo braza wako hawezi kuipangua kirahisi, nayo ni magemu yenyewe. Zamani ya mkononi ilikuwa inapewa magemu madogo ya kwake, ya TV inapewa makubwa. Switch siku ile ile ya kwanza ilikuja na Zelda, Breath of the Wild, gemu lile lile lililotoka siku hiyo hiyo kwenye Wii U, sio lililopunguzwa. Na pedi zile zinachomoka, unaisimamisha mezani kwa kile kimguu chake cha nyuma (kinavunjika hicho, chunga), huyu anashika moja na yule moja, hapo sasa utaiita ya mkononi wakati haiko mkononi mwa mtu, au ya nyumbani wakati mko kwenye baraza la kahawa Ujiji? Mi naona ndo maana watu wanagombana hata huko duniani, maana Switch imeshavuka milioni 150 kwa mauzo, ukiiweka kundi la mkononi unaishindanisha na DS, ile ya mkononi ya zamani ya Nintendo hao hao, yenye milioni 154, ukiiweka kundi la TV unaishindanisha na PS2 inayotajwa kufika milioni 160, kwahiyo kila shabiki anaivuta kwenye kundi analotaka lishinde.

Kwahiyo kwa sheria ya mama, pole mdogo wangu, mi naiandika ya mkononi inayojua kupanda kwenye TV. Inatembea na ubongo wake na betri yake. Hata umeme ukikatika hapo Mwanga, PlayStation inazima na mechi yako, hii unaitoa kwenye doki kioo kinawaka unaendelea ulipoishia. Ila mama alisema kila mtu abebe CHAKE, na nyie mlichanga. Hiyo sio kesi ya gemu tena, ni kesi ya hela, braza akurudishie nusu yako kabla hajapanda treni. Akigoma doki ibaki kwako, na umkumbushe tu kwamba ile ya kwanza betri yake ikiwa mpya ilikuwa inakaa masaa mawili na nusu mpaka sita na nusu, na yenu imetumika, atafika Tabora imezima zamani.

SWALI: Fundi habari za kazi. Nasikia kuna Switch ndogo ya bei nafuu, nataka nimchukulie mwanangu ila nyumbani tuna TV ya chogo, itakubali?
Mama wawili, Isevya, Tabora

JIBU: Nzuri dada, hujambo. Hiyo ndogo inaitwa Switch Lite, ilitoka 2019, na hiyo haina ubishi wowote ni ya mkononi tu. Haitoi picha kwenye TV yoyote, iwe ya chogo au flati, hata ukiichomeka kwenye doki ya mwenzie, japo tundu la chaji linafanana kabisa na hapo ndo watu wanalizwa. Utaijua, pedi zake hazichomoki na kioo ni inchi 5.5. Ukitaka ya TV chukua ile ya kawaida yenye doki, halafu kwa chogo ununue na kile kiboksi cha kugeuza HDMI kwenda kwenye zile waya tatu, nyekundu nyeupe na njano. Picha itakuja ila maandishi yatakuwa madogo sana, mtoto atasogelea TV mpaka pua iguse kioo. Mi ningekuwa wewe ningemchukulia hiyo Lite acheze mkononi, TV ya chogo ibaki ya taarifa ya habari.