Samaki wa Habuba

Kibos, Jumapili usiku

Mwanangu,

Wa aleikum salaam. Ile sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara tatu. Umempeleka mjukuu wangu kuchukua kitambulisho hapo Nakuru, mkaambiwa mlete karatasi za babu wa babu, nawe ukaniuliza kwa hasira: "Mama, hawa Wanubi wetu walikufa wakipigania nchi gani?"

Hawakupigania nchi. Walikuwa askari, kama majirani zetu hapa walivyokuwa wavuvi. Babu wa babu yako alikuwa katika jeshi la Misri kule Equatoria, kusini mwa Sudan, chini ya gavana Emin Pasha. Misri ikawatelekeza. Mwaka 1891 Lugard, afisa wa Kiingereza, akawakuta karibu na Ziwa Albert, akawaandika upya. Bendera ikabadilika, kazi ikabaki ile ile. Ila usidhani walikuwa watu wa kuitikia "afande" tu. Mwaka 1897 pale Eldama Ravine, si mbali na kwako, waligoma: mshahara mdogo tena wa kuchelewa, safari haziishi, na wake zao waachwe nyuma. Uasi ukafika hadi Uganda, damu ikamwagika. Hilo hatulisimulii sana arusini.

Keya, lile jeshi la Mwingereza la King's African Rifles, ilipoundwa mwaka 1902, vijana wetu wakawa wanaingia kama wanaorithi ng'ombe. Kule Kibra, Nairobi, ukitumikia miaka 12 unapewa karatasi ya kukaa. Kukaa, si kumiliki. Ndilo neno linalokusumbua leo.

Sasa ami yangu, yule wa picha iliyo sebuleni. Alikuwa mpiga mizinga katika rejimenti ya 301 ya Afrika Mashariki. Februari 1944 walipanda meli Mombasa kwenda Colombo. Tarehe 12, Jumamosi mchana, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Japani ikawapiga topido mbili. Meli ikazama kwa muda wa kama dakika mbili. Ndani mlikuwa na watu zaidi ya 1,500, wakafa karibu 1,300.

Na unajua meli hiyo ikiitwaje? Khedive Ismail. Ndiye mtawala wa Misri aliyepeleka lile jeshi Equatoria! Babu alikula mshahara wa serikali yake, mjukuu akazama na jina lake. Kila nikilifikiria nashindwa kujua nicheke au nilie.

Habuba, nyanya yangu aliyemzaa ami, hakupewa maiti ya kuosha wala kaburi la kusomea Yasini. Tangu hapo hakula samaki. Hebu fikiria, Kisumu hii, ambapo hata noti ya shilingi inanuka omena! Tukipika mbuta yeye anahamia nyuma ya nyumba na uzi wake, anasuka tabaga, kawa letu la kufunikia chakula, anarudi sufuria zikishaoshwa. Nilikuwa kama wa miaka minane nilipomuuliza kwa nini. Aliniangalia, akavuta uzi mwekundu, akaendelea kusuka. Mama akanifinya paja, nikajua hilo haliulizwi.

Kwa hiyo nchi gani, mimi sijui nikujibu nini. Najua tu kwamba aliondoka nyumba hii, na aliyemngoja alimngojea hapa hapa.

Kesho nampa dereva wa matatu ya saa mbili bahasha ya kaki. Ndani mna karatasi ya jeshi ya babu yako na cheti changu cha kuzaliwa. Piga kopi, asili zirudi, usizilaze katika ofisi ya mtu. Halafu mkienda Nairobi, mpitishe kijana makaburi ya vita ya Ngong Road, kwenye kuta zenye majina ya wasio na kaburi. Atafute la ami, alipige picha, alichapishe, aliambatanishe na hizo karatasi. Na karani akileta maneno, mkumbushe kwa adabu kwamba mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika ya haki za watoto ilishaamua kuwa watoto wa Wanubi wa Kenya wanabaguliwa katika uraia. Kwa adabu, nimesema. Nakujua.

Ndani ya bahasha kuna picha ndogo ya habuba na tabaga lake. Hiyo si ya ofisi, ni ya kijana.

Mama yako