Nikiwasha saa, akili inaganda

Swali: Nimebakiza wiki 8 nifanye LSAT, mtihani wa kuingia shule ya sheria. Nikijibu bila kuhesabu muda nakosa maswali machache tu. Nikiweka dakika 35 za sehemu moja ya mtihani, moyo unaenda mbio, viganja vinalowa, nasoma sentensi moja mara nne na siielewi. Nimeongeza saa za kusoma, ndiyo kwanza nazidi kuharibu. Au sheria si fungu langu?

Jibu: Saa za kusoma unazo tele. Unachokosa ni mazoea ya kufikiri huku saa inahesabu, na hicho hakiji kwa kusoma zaidi.

Bila muda unapata, kwa hiyo uwezo upo. Tatizo ni nafasi. Ile sehemu ya akili inayoshikilia hoja wakati unaichambua ni finyu, na "nimechelewa, nitafeli" inakaa humohumo. LSAT inaumiza zaidi hapo kwa sababu haiulizi sheria hata moja. Inakutaka upime hoja ngeni papo hapo. Aliyekariri akibabaika, jibu huweza kumjia lenyewe tu; wewe huna ulichokariri cha kukuokoa.

Anza kidogo. Maswali 5 ya hoja kwa dakika 10, kila siku, mpaka uyaone ya kawaida. Kisha dakika 7, ambayo ndiyo kasi yenyewe, maana sehemu ya hoja ina maswali kama 25. Halafu sehemu nzima. Wiki 3 za mwisho fanya mtihani kamili mara moja au mbili kwa wiki: sehemu 4, na mapumziko ya dakika 10 baada ya ile ya pili.

Sasa sikiliza hili kwa makini. Moyo ukianza kwenda mbio, usisimamishe saa. Karibu kila mwanafunzi ninayemshauri huisimamisha, anywe maji, atulie, aendelee. Mwili unajifunza kwamba nafuu iko kwenye kukimbia, na siku ya mtihani hakuna pa kukimbilia. Endelea kujibu hivyo hivyo, hata vibaya. Mapigo hushuka yenyewe ukiyaacha, na ni lazima uyashuhudie yakishuka mara nyingi ndipo uamini. Ukitaka kuyasaidia, vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita, mara tano. Si dawa, lakini inatosha kukurudisha kwenye swali.

Kuhusu kukwama, amua leo, usingoje uwe umeganda. Maswali yote yana uzito sawa na jibu baya halikatwi alama. Ukisoma mara mbili bila kuelewa, chagua lolote, weka alama, songa mbele. Tena, sehemu moja kati ya zile 4 haihesabiwi na huambiwi ni ipi. Sehemu unayoililia huenda ndiyo hiyo.

Kuna jambo jingine dogo. Mwaka 2011 watafiti Gerardo Ramirez na Sian Beilock walichapisha matokeo kuwa wanafunzi wenye hofu walioandika wasiwasi wao kwa dakika 10 kabla ya mtihani walifanya vizuri zaidi. Kuna wanaosaidika na kuna ambao huzidi kuuchochea, kwa hiyo lijaribu kwanza kwenye mtihani wa mazoezi. Kahawa usiizidishe siku hiyo. Yenyewe huharakisha moyo, nawe utadhani ni hofu.

Ila kama hulali, au moyo unakushtua hata usipokuwa na vitabu, muone mtaalamu wa afya ya akili. Ikithibitika una tatizo la wasiwasi, unaweza kuomba utaratibu maalumu, kwa mfano muda wa nyongeza. Maombi yana tarehe ya mwisho na huambatana na vielelezo vya daktari, kwa hiyo iangalie wiki hii, kabla hata ya yale maswali 5.